KAYANGA: KOMPYUTA ILIPIGWA WINDOWS MARA TATU, KIRUSI KIKAGOMA KUTOKA, MDOGO MTU AKAHAMISHWA NYUMBANI

Nyumba nyingi zinagombana kwa sababu ya hela, mchepuko au shamba la urithi. Hii ya Kayanga, pale makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, iligombana kwa sababu ya kirusi cha kompyuta. Usicheke kwanza. Kijana wa watu alifungasha begi akahamishiwa wilaya nyingine, baba na mtoto wakakaa wiki kadhaa bila kupigiana simu, na mwenye kosa alikuwa amekaa palepale sebuleni anakula ndizi na senene kama hajui kitu. Na kweli alikuwa hajui.

Majina hayatajwi. Wenyewe wapo na wanajijua.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2020. Baba wa nyumba hiyo ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Mama anauza vitenge sokoni. Binti mkubwa, miaka 24, alisomea uhazili, yuko nyumbani anatuma maombi ya kazi kila kona. Mdogo wake wa kiume, miaka 18, alikuwa ametoka kufanya mtihani wa kidato cha nne na anasubiri matokeo. Si unajua kipindi hicho kijana anavyokuwa, kulala sana, kula sana, na muvi usiku kucha.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, Dell ya mtumba iliyonunuliwa Bukoba kwa hela ya kahawa. Imekaa sebuleni karibu na TV, na mama ameifunika kitambaa cha kufuma, kama ilivyo heshima ya vitu vya umeme kwenye nyumba za kwetu. Ndani yake Windows 7 ya kuchakachua. Microsoft wenyewe walishaacha kuihudumia Windows 7 tangu tarehe 14 Januari 2020, lakini nani Kayanga alikuwa na habari hiyo? Ilikuwa inawaka, inaprinti, inaonyesha muvi, basi.

Sasa kilichofanya jambo liwe zito ni kilichokuwa kwenye D. Baba alikuwa na orodha ya wakulima zaidi ya mia tatu, kila mmoja na kilo zake za kahawa ya maganda alizopeleka msimu ule, na hela aliyoshapokea. Hiyo ndiyo orodha ya malipo ya pili. Mtu wa mjini anaweza asielewe, ila kule mkulima akisikia karani amepoteza orodha, hasemi kompyuta imeharibika. Anasema karani amekula. Wapo watu wanaouza kahawa ikiwa bado maua, ile wanayoita butura, kwa bei ya kutupa, kwa sababu tu hawaviamini vyama. Kwa hiyo baba alikuwa na jina la kulinda. Pamoja na orodha, humo humo kwenye D kulikuwa na picha za kipaimara, video ya harusi ya shangazi, na sauti ya bibi mzaa baba akisimulia hadithi kwa Kinyambo, aliyorekodiwa kabla hajafariki. Nakala nyingine hakuna.

Mambo yalianza taratibu. Kompyuta ikawa nzito. Binti akabonyeza vitufe vitatu aone nini kinakula nguvu, Task Manager ikamjibu kwamba imezimwa na msimamizi. Msimamizi gani, na nyumba ni ya kwao? Akajaribu kushusha antivirusi, tovuti za antivirusi zote zikagoma kufunguka, lakini Facebook inafunguka vizuri tu. Antivirusi ya zamani iliyokuwemo ikawa inajifunga yenyewe. Halafu siku moja baba amekaa kuprinti orodha, Excel ikakataa kabisa kuwaka.

Akaitwa fundi kutoka Omurushaka. Fundi mchapakazi, hana maneno mengi, begi mgongoni. Akaangalia dakika tano akasema, "Mzee, hii ni ya kupiga Windows tu." Elfu kumi na tano. Akafuta C, akaweka Windows mpya, na vitu vya maana vikabaki D. Jioni kompyuta ikaruka kama mpya. Siku ya pili, Task Manager imezimwa na msimamizi.

Fundi akarudi. Akapiga tena. Baada ya siku mbili, kilekile. Akarudi mara ya tatu, safari hii bila malipo, maana na yeye alishaanza kuona aibu. Kikarudi tena. Hapo ndipo fundi akatoa hukumu mbili kwa mpigo. Ya kwanza, "Mzee, lazima tufute mpaka D." Ya pili, akiwa anafunga begi lake, "Hivi virusi vinaletwa na flashi za hawa vijana, muvi muvi hizi."

Baba hakusikia ya kwanza. Alisikia ya pili.

Ni kweli kijana alikuwa ameleta flashi. Usiku mmoja wa Desemba, senene wameanguka mji mzima uko nje chini ya taa, yeye akawaita wenzake sebuleni wakaangalia muvi za kutafsiriwa mpaka saa nane. Muvi zenyewe alizinakili kwenye D. Baba alipouliza nani ameingiza flashi kwenye kompyuta, binti hakungoja swali liishe. "Ni huyu, mimi nilimwona." Akaongezea na la picha chafu, ambalo hakuliona, alilifikiria tu.

"Orodha ya watu mia tatu, na wewe unaijazia muvi?" baba akasema.

"Baba, muvi haiwezi kufanya hivyo."

"Unanifundisha?"

Mama alijaribu. Alisema kompyuta haina ulimi, hamuwezi kujua aliyeidhuru. Hakuna aliyemsikiliza. Mbaya zaidi, baba alipoulizwa na viongozi wenzake mbona orodha haijaletwa, akawajibu mbele ya watu kwamba kijana wake ameharibu. Kwenye mji mdogo kama Kayanga, sentensi hiyo ikitoka asubuhi, mchana iko Omurushaka. Kijana akaanza kuitwa Kirusi na wenzake. Baada ya Krismasi akapelekwa kwa shangazi yake Nkwenda, Wilaya ya Kyerwa, akapalilie kahawa mpaka matokeo yatoke. Wazee bado wanasema Nkwenda ni Karagwe, maana Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012 tu. Lakini kwa kijana aliyefukuzwa nyumbani, njia ile ya vumbi ilikuwa ndefu kama ya kwenda nchi nyingine.

Kupalilia alipalilia asubuhi. Mchana akawa anashinda kwenye kibanda kimoja cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo kwenye memori kadi. Mwenye kibanda ni jamaa aliyewahi kufanya kazi kama hiyo Mbarara, upande wa Uganda, akarudi nyumbani na kompyuta mbili. Moja mpya kiasi, ya biashara. Nyingine kuukuu, rangi imegeuka njano, ina Ubuntu. Na alikuwa na sheria moja: flashi yoyote ya mteja, hata ya mke wake, inaanza kwenye ile kuukuu. Programu za kirusi cha Windows haziwaki kwenye Ubuntu, kwa hiyo kinalala pale kama samaki aliyetolewa majini, anakiona, anakifuta, ndipo flashi inahamia kwenye ile ya biashara.

Kijana akamsimulia ya nyumbani. Jamaa akaendelea kuingiza nyimbo, akauliza mambo matatu tu. Task Manager imezimwa? Ndiyo. Tovuti za antivirusi hazifunguki? Ndiyo. Ukiiwasha kwa Safe Mode? Hilo kijana hakujua.

Akampigia dada yake. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea tangu aondoke.

"Dada, washa kompyuta, gonga F8 haraka haraka, chagua Safe Mode."

"Wewe ndiyo unataka kuimalizia?"

"Dada, jaribu tu."

Akajaribu. Skrini ikawa ya bluu, kompyuta ikajizima na kujiwasha. Akajaribu tena, bluu tena.

"Basi ni Sality," sauti ya jamaa ikasikika kwa nyuma.

Sality si kirusi kigeni. Kimejulikana tangu mwaka 2003, kikawa kinabadilishwa na wenyewe mara kwa mara. Tabia yake ndiyo inayochosha mafundi. Chenyewe hakikai sehemu moja ukakishika. Kinajipandikiza ndani ya programu nyingine, yaani faili zinazoishia na exe, moja baada ya nyingine, C, D, na flashi yoyote itakayochomekwa. Kinafunga Task Manager usikione, kinafunga tovuti za antivirusi usipate msaada, kinaharibu njia ya Safe Mode usipate pa kusimama. Baadhi ya programu kinazojipandikiza zinakufa kabisa, ndiyo ile Excel ya mzee.

Sasa mbona kilirudi baada ya Windows mpya, mara tatu? Jibu lilikuwa kwenye D, na aliyekuwa anakirudisha ni fundi mwenyewe bila kujua. Windows ikishawekwa inakuwa haina sauti, haina intaneti, mpaka uweke draiva. Draiva zilikuwa wapi? Kwenye folda moja D, fundi aliziweka humo mwenyewe ili asihangaike siku nyingine. Zote ni exe. Anafuta C vizuri, anaweka Windows safi, halafu anafungua D, anagonga draiva ya sauti mara mbili, na kirusi kinaamka kutoka usingizini.

Jamaa wa kibanda alikieleza kwa lugha ambayo mtu yeyote wa Kagera anaielewa. "Unakumbuka mnyauko wa migomba? Watu walikata mgomba mgonjwa, halafu kwa panga lilelile wakaenda kupunguzia majani mgomba mzima. Panga ndilo lilikuwa linatembeza ugonjwa shambani. Mpaka tukafundishwa kulipitisha kwenye moto. Huyo fundi wenu panga lake halijapita kwenye moto."

Kisha kijana akasema neno ambalo lilimfanya dada yake akae chini. "Dada, muvi hazibebi hiki. Muvi na picha na nyimbo hakiingii. Kinaingia kwenye programu. Mimi programu sikuleta. Nani alileta?"

Binti hakujibu. Alisema mtandao unakata, akakata mwenyewe.

Alijua. Mwezi Novemba aliona tangazo la ajira la PDF, kompyuta haikuwa na cha kulifungulia. Akaenda duka moja la kuchapa na kutoa fotokopi pale mjini, kijana wa pale akampa programu ya kufungulia PDF kwenye flashi yake. Flashi nyekundu, inaning'inia kwenye funguo zake za chumba. Akaja nyumbani akainstoli, akafungua tangazo, akatuma maombi, kazi hakupata. Alirudi sebuleni akafungua D kwa kutetemeka, asigonge kitu, akaangalia tarehe tu. Programu ya PDF, tarehe 21 Novemba. Muvi za mdogo wake, tarehe 12 Desemba. Na akakumbuka vizuri kabisa kwamba Task Manager ilimgomea kabla ya senene hawajaanguka.

Kwa hiyo fundi alikuwa amepatia nusu. Kirusi kililetwa na flashi ya kijana, ila ni kijana wa kike.

Hapa wengi wangefanya alichofanya yeye. Alinyamaza. Siku nne nzima. Akajiambia kwanza kompyuta ipone, orodha ipatikane, ndipo aseme. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa, na kila baba alipomlaumu "yule mwanao" mbele ya mama, alikuwa anainuka kwenda kuosha vyombo visivyo vichafu.

Dawa ilitoka Nkwenda. Jamaa alitengeneza flashi ya uokoaji kwenye ile kompyuta yake ya Ubuntu, ile Rescue Disk ya Kaspersky inayotolewa bure, inayoweza kuiwasha kompyuta yenyewe bila kugusa Windows iliyomo. Hiyo ndiyo siri kubwa ya virusi vya aina hii. Ukikifuta huku Windows inawaka, kinakuwa macho na kinapigana. Ukiiwasha kompyuta kwa flashi, Windows imelala na kirusi kimelala nayo. Kijana akaifunga kwenye bahasha, akampa dereva wa mchomoko, binti akaipokelea Omurushaka kama anapokea kitu cha magendo.

Akangoja wazee walale. Akachomeka, akawasha, akachagua kuanzia kwenye USB, akaruhusu iskani diski nzima, C na D. Mdogo wake yuko kwenye simu anamwelekeza kwa kunong'ona. Saa sita na nusu, imefika zaidi ya nusu, umeme ukakatika. Kagera kwa miaka mingi ilikuwa ikitumia umeme ulionunuliwa Uganda, na watu wake walizoea kusubiri. Akasubiri gizani, simu ina asilimia kumi na moja. Umeme ukarudi saa nane. Akaanza upya kuanzia sifuri.

Alfajiri hesabu ilisoma faili 1,312 zilizoambukizwa. Programu zote. Draiva zote za fundi. Nyingine zilisafishwa, nyingine zilifutwa. Na ile orodha ya Excel? Ilikuwepo, haikuguswa, kwa sababu orodha si programu, ni karatasi tu ya kompyuta. Picha zipo. Bibi yupo, anasimulia. Kumbe kwa wiki zote hizo hakuna kitu cha maana kilichokuwa hatarini isipokuwa pale fundi aliposema afute D yote, na mzee akagoma. Ubishi wa mzee ndio uliookoa sauti ya mama yake.

Asubuhi alinakili nyaraka, picha na sauti, vitu hivyo tu, kwenye flashi mpya aliyonunua dukani. Akafuta kila exe iliyobaki D. Windows ikapigwa mara ya nne, safari hii draiva zikashushwa upya kutoka kwenye tovuti ya Dell, bando likaisha lote. Ile flashi nyekundu hakuichomeka tena.

Watu wanapenda kuuliza virusi hivi vya zamani bado vipo kweli? Vipo sana. Novemba 2017 FBI, Europol na Microsoft waliungana kuubomoa mtandao wa kirusi kingine kinachopenda flashi, Andromeda. Ilitangazwa dunia nzima. Januari 2023 kampuni ya Mandiant ikaeleza kwamba wadukuzi walisajili upya anwani za zamani za Andromeda, wakakuta flashi zenye kirusi hicho bado zinachomekwa kwenye kompyuta za watu huko Ukraine. Miaka kama minne baada ya kubomolewa. Flashi haina habari kwamba kesi imeisha.

Turudi Kayanga. Mzee aliprinti orodha, kurasa zikatoka moja moja, akawa anazipanga kwa mikono miwili kama mtu anayepanga hati ya shamba. Akauliza, "Huyu fundi wa Nkwenda ni nani? Nimtumie chochote."

"Ni mwanao," binti akasema.

Mzee akaacha kupanga karatasi.

Angeweza kuishia hapo. Ingependeza, kijana angesifiwa, mambo yangekwisha. Akatoa funguo mfukoni, akaziweka mezani juu ya karatasi, flashi nyekundu ikiwa inaning'inia. Akasema yote. Tarehe 21 Novemba, duka la fotokopi, PDF, na lile la picha chafu kwamba alilitunga.

Mzee aliziangalia zile funguo muda mrefu. Alichosema hakikuwa kile binti alichokuwa amejiandaa kukisikia. "Flashi hii si ndiyo niliyoiazima mwezi ule nikapeleka taarifa ofisini?"

Ndiyo hiyo.

Hakufoka. Alivaa koti, akaenda mbio kuzima kompyuta ya chama. Ilikuwa inaanza kuwa nzito, karani mwenzake alikuwa anasema ni joto.

Siku hiyo hakumpigia kijana wake simu. Wala kesho yake. Jumapili baada ya kanisa alipanda mchomoko mwenyewe, na mfuko wa senene wa kukaanga uliofungwa na mama. Alimkuta kibandani, ana wateja watatu wamejipanga. Mzee akasimama kwenye foleni, nyuma ya mama mmoja aliyeshika kitochi. Zamu yake ilipofika akasema amekuja na kazi ya ofisi, kompyuta ya chama inaumwa, na kwamba wenzake wa chama ameshawaambia aliyeharibu ni yeye karani na binti yake. Aliwaambia juzi, kwenye kikao.

Kijana akaendelea kuangalia skrini. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Unarudi lini?"

"Jumamosi naweza kuja. Siku nyingine nina kazi hapa."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Akatoa mfukoni flashi ya ofisi, akainama achomeke kwenye kompyuta iliyokuwa karibu naye.

"Hapana, Baba," kijana akasema, akaipokea mkononi mwake kwa mikono miwili. "Hiyo inaanzia kwenye hii ya njano."